Sauti ya Mwanamume Kwenye Wimbo wa Nne

Karakanani
4 Februari

King'ora mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika ndugu zangu wote walioniambia kazi ya bati itanimaliza mapafu. Nimeishi kuliko mwenye nyumba aliyetaka kunifukuza kwenye karakana hii, nimeishi kuliko mwanawe aliyerudia maneno yale yale ya baba yake, na yule bwana wa matangi ya plastiki aliyesema biashara yangu imekwisha, naye nimemzidi. Tangi lake lilipasuka kwa jua, mjane wake akaja kununua la bati kwangu. Nayasema haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kubabaishwa na gitaa.

Najua unataka nipige simu. Simu sitaki. Simu za siku hizi zimetengenezwa vibaya, mtu anaongea kama yuko chini ya godoro. Mama yako mdogo anasema ni masikio yangu. Mama yako mdogo anasema mengi. Barua naishika mkononi, naisoma polepole, na hakuna wa kuniuliza "baba, umesikia?" Kuandika naweza. Shule niliacha mapema kwa sababu yale waliyotaka kunifundisha nilikuwa nimeshayajua.

Ile diski uliyompa mama yako mdogo imefika. Nimeipeleka kwa fundi redio ng'ambo ya barabara, akaiweka kwenye spika yake kubwa. Loo! Mwanzo tulidhani spika imeungua. Akachomoa waya, akachomeka, ikaanza ile ile. Tukajua basi, ndio muziki wenyewe.

Nikusifu kwanza. Zile gitaa ni kama shehena ya bati imedondoka kutoka ghorofani, halafu kabla haijagusa chini bati zikajipanga zenyewe, moja juu ya mwenzake, pembe kwa pembe. Nilishika meza. Nimefanya kazi na kelele maisha yangu yote, sikujua kelele inaweza kufundishwa adabu.

Sasa kazi. Mimi nikimaliza tangi naligonga kwa kifundo cha kidole pande zote, na panapovuja napajua kabla maji hayajatiwa. Nyimbo zako nimezigonga hivyo hivyo. Wa kwanza mzima. Wa pili una tundu mwishoni, pale unapokohoa. Wa nne, mama yangu, wa nne ni chujio! Sauti inapasuka ukipanda, inapasuka ukishuka, na katikati unanyamaza kabisa kama mtu aliyesahau maneno. Rudia. Ziba. Usitoe kazi inayovuja, watu wanajua wewe ni mjukuu wa nani.

Na hilo jina la kundi, Samahani Majirani. Kundi gani linaomba radhi kabla halijakosea?

Ni mimi babu yako,
Fundi Matangi


19 Februari

Shikamoo babu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote, tukacheka mpaka mpiga gitaa akashikwa na kwikwi. Mpiga ngoma, tunayemwita Daktari kwa sababu ya mwandiko wake, amenakili yale maneno ya shehena ya bati akayabandika ukutani. Anasema hakuna gazeti litakalotuandika vizuri hivyo.

Babu, muziki wetu unaitwa panki. Ila ni panki ya watu wanaolia, wenyewe wanaiita emo. Ina sheria moja tu, usijifanye. Sauti ikipasuka, imepasuka, unaiacha. Tunafanyia mazoezi chumba cha nyuma cha saluni ya mpiga besi wetu, ni msusi. Kuta tumezifunika magodoro, feni haturuhusiwi kuwasha kwa sababu inasikika, na kila mtu anatoka na nywele za wateja zimemganda shingoni. Hapo ndipo tunatengeneza albamu yetu ya kwanza. Tumeiita Nyumba Nzima Inasikia. Kuna watu wenye kampuni ndogo ya santuri wamekubali kuitoa, mradi iwafikie kabla ya katikati ya Mei. Tukichelewa nafasi wanapewa wengine.

Sasa wimbo wa nne. Ule ni wa mama.

Najua hatumtaji. Nilikuwa na miaka tisa tulipotoka makaburini, nikaona mtu akilitaja jina lake wewe unainuka unatoka nje, basi na mimi nikajifunza kunyamaza. Lakini nakumbuka ugonjwa wake. Walikuwa wanafunga mlango nisiingie. Nilikuwa nasimama nje naita, "Mama, upo?" Naye anajibu, "Nipo." Nilikuwa siendi kulala bila hiyo "nipo." Wimbo wenyewe ndio huo, babu, hakuna zaidi. Naita, nanyamaza, naita tena. Pale katikati sikusahau maneno. Pale nangojea.

Nataka uwemo kwenye albamu, na nataka uwemo kwa baraka yako. Usiponipa nitauimba tu, lakini nitauimba kama mtu aliyeiba nyumbani kwao.

Mjukuu wako,
King'ora


Karakanani
2 Machi

Mjukuu wangu,

Barua imefika. Hapa wote wazima. Nimepata kazi ya tangi la shule, refu kuliko dari ya karakana, nalijengea uani. Ningelijenga ndani lingebaki ndani, kama yule seremala wa mtaa wa chini aliyeunda kabati chumbani mwa bibi harusi, mpaka leo wanalala nalo, mlangoni halipiti. Hakuna fundi mwingine anayethubutu tangi la ukubwa huo. Wapo wanaosema wanaweza. Waulize wanakaa wapi, hawakwambii.

Mwambie Daktari maneno yangu ayaache hapo ukutani, ila aandike chini ni ya nani.

Wa nne nashikilia neno langu. Ziba. Fundi redio ameupiga tena kwa bahati mbaya, nami nilikuwa napita. Tukaurudia kwa bahati mbaya, tukaurudia, mpaka mkewe akatoka kuuliza kuna msiba gani. Pale ngoma inapoingia baada ya ule ukimya wa mwisho, kikombe cha chai cha fundi redio kilitembea mezani peke yake. Nakuambia kilitembea! Kilifika ukingoni nikakidaka. Nimekaa nakitazama hicho kikombe. Mtoto wa nyumba yangu yuko mbali huko, anasukuma vikombe vya watu huku. Nimemwambia kila aliyepita, na wengine nimewafuata makwao.

Lakini mtungi mzuri unaovuja ni mzuri wa nini? Ziba.

Hayo mengine uliyoandika nimeyaona.

Babu yako,
Fundi Matangi


18 Machi

Shikamoo babu,

Haya, tumeziba.

Sikutaka kukwambia, lakini fundi mitambo anayeturekodi alikuwa anasema kama wewe. Nikajiambia, watu wawili wenye masikio ya kazi hawawezi kukosea pamoja. Nikaurudia wimbo wa nne mstari kwa mstari, siku nzima, mpaka hakuna palipopasuka. Ukimya wa katikati tukaujaza gitaa. Rekodi ya zamani tukaifuta, na hiyo diski yako ni nakala hafifu, haifai santuri.

Juzi tukakaa kuusikiliza. Ukaisha. Mpiga besi akauliza: "Nani huyu anaimba? Mimi simjui." Daktari akasema mlangoni pale hapana mtu, wala ndani hamna mtu. Nikakasirika nikamtupia kitana. Halafu nikausikiliza peke yangu, babu, wamesema kweli. Ni safi. Ungeweza kuupiga kwenye benki watu wakiwa kwenye foleni.

Sikulaumu. Nilikuwa nataka unisifu, basi.

Nimejaribu kuuimba upya chumbani, hautoki. Magodoro yanaimeza sauti, nami nimeshajua mbinu za kujiziba. Sasa nina ombi. Nikiwa mdogo nilikuwa naingia kwenye matangi yako kabla hujayatoa, nikisema neno moja linanizunguka mpaka nalisahau. Hilo la shule bado lipo? Tuje na vyombo, niingie ndani na maiki, wenzangu wapige nje. Mara moja tu. Ikishindikana, albamu itatoka na nyimbo nane, na huo nitauacha moja kwa moja.

King'ora


Karakanani
24 Machi

King'ora,

Njooni.

Lori la shule linakuja kulichukua tangi tarehe 13 Aprili mchana. Fanyeni asubuhi yake. Mdomo wa tangi ni mwembamba, usile ukashiba. Uvae viatu vya mpira, ndani nimesugua kama kioo, sitaki mikwaruzo kwenye kazi yangu. Umeme mtavuta kwa fundi redio, ameshaanza kujigamba kwa watu kama yeye ndiye mwenye albamu.

Mimi sitasikiliza. Siku hiyo nina ukingo wa tangi jingine wa kukunja.

Fundi Matangi


21 Aprili

Shikamoo babu,

Masikio yangu yanalia mpaka leo na sauti haijarudi, naongea kama chura. Daktari amepasua ngozi ya ngoma. Mpiga gitaa anatabasamu tu toka tutoke huko. Nimekuwa ndani ya tangi lako, babu, na kwa muda ule sikujua ukuta uko wapi na mimi ninaishia wapi.

Tumepata. Tumeusikiliza na fundi mitambo mwenyewe akavua vile vya masikioni, akaviweka juu ya meza taratibu, akatoka nje kuvuta hewa.

Lakini aliporudi akauliza, "Nani huyu mwanamume?"

Kuna sauti. Baada ya mimi kuita mara ya tatu, kwenye ule ukimya, kabla ngoma haijaingia. Sauti ya mwanamume, kutoka nje ya tangi. Anasema, "Nipo."

Fundi mitambo anataka kuikata. Anasema ni mpita njia kaharibu kazi. Tatizo imeingia juu ya pumzi yangu, akiikata anaondoka na pumzi na ule mpasuko wote, tunarudi kule kule. Kuimba tena haiwezekani. Sauti sina, tangi liko shuleni limejaa maji, na watu wa santuri wanataka kazi kabla ya tarehe 15 Mei.

Wenzangu wanasema niamue. Nami siwezi kuamua mpaka nijue ni nani. Kama ni mtu tu alikuwa anajibu mtu mwingine barabarani, sitamwacha aingilie kati yangu na mama. Kama si mtu tu, niambie.

Babu, ni wewe?

King'ora


Karakanani
25 Aprili

Mjukuu wangu,

Mimi nilikuwa nakunja ukingo.

Huyo atakuwa muuza mkaa. Ana tabia ya kujibu asiloulizwa. Alikuwa amekaa kwenye magunia yake pale lango la uani, na mtu akipita anauliza mkaa upo, yeye anasema upo, nipo, tupo, hana mpangilio. Kama si yeye ni bati lenyewe. Bati jipya likipata joto linasema, watu hawajui. Nina tangi moja lilitaja jina la mteja. Kama si bati ni masikio ya huyo fundi mitambo wako, umwambie aje nimpime.

Mkate. Mnashindwaje kukata neno moja? Mimi nakata bati nene kwa mkasi wa mkono.

Mama yako mdogo anasalimu. Mvua haijanyesha.

Fundi Matangi


29 Aprili

Shikamoo babu,

Ni mimi mpiga besi, yule msusi uliyeniambia nywele zangu zinafaa kusugulia tangi. Bado nazitafakari sifa hizo.

King'ora ametusomea barua yako. Ametusomea mpaka pale pa bati kutaja jina la mteja, akacheka, halafu akaikunja akaenda kuosha vyombo visivyo vichafu. Ameshamwambia fundi mitambo aikate sauti hiyo Jumatatu ya tarehe 11 Mei.

Babu, mimi nilikuwa nimesimama mbele yako. Wote walikuwa wameelekea tangi, mimi peke yangu nilikuwa nimegeuka kwa sababu waya wangu ulikuwa mfupi. Nilikuona. Muuza mkaa alikuwa amefunga mdomo kama mtu aliye msikitini.

Sijamwambia. Si langu la kusema. Nawe usiponiitikia hii barua sitajisikia vibaya, nimeshazoea wateja wanaolala kwenye kiti. Lakini nasuka watu kila siku, babu, najua mtu anapovumilia kuvutwa. Yeye anavumilia. Fanya upesi.

Wako mtiifu,
Brashi ya Tangi


Karakanani
4 Mei

King'ora,

Muuza mkaa hakuhusika. Nimemwendea nikamwambia nilimsingizia, akasikitika. Alishaanza kuwaambia wateja kuwa yuko kwenye santuri.

Ni mimi.

Sasa nikueleze vizuri, maana wewe ulikuwa ndani na mdomo wa tangi tulikuwa tumeufunika, hukuona kitu.

Tangi kubwa linalehemiwa na watu wawili. Mmoja anaingia ndani na jiko la makaa, anaziba mshono kwa ndani. Mle mna moshi na asidi, mtu anaweza kusinzia asiamke. Kwa hiyo wa nje haruhusiwi kwenda popote, hata kama nyumba yake inaungua. Kazi yake ni kugonga bati na kuuliza, "Upo?" Wa ndani anajibu, "Nipo." Akinyamaza anavutwa miguu. Ndiyo sheria ya karakana hii na sijapoteza mtu.

Mtu wangu wa nje alikuwa mama yako. Kidoti. Nimeliandika jina, litazame. Nyundo ilimshinda, lakini sauti alikuwa nayo. Akitoka shule anatupa mkoba, anakaa juu ya ndoo, anagonga. "Baba, upo?" "Nipo." Akichoka anaongeza na maneno yake. "Baba, upo au umeshakuwa nyama choma?" Mpaka alipoolewa. Hiyo "nipo" aliyokuwa anakujibu mlangoni hakuiokota. Alikuwa anakuambia kwa lugha ya kazi. Alijua anayejibu ndiye aliye kwenye moshi, na anayeuliza ndiye anayemshikilia. Wewe ulikuwa unamshikilia, mtoto wa miaka tisa. Nilipoisoma barua yako ya Februari niliiweka chini, nikaenda kukata bati ambazo hakuna aliyeziagiza.

Siku ile nilikaa nyuma ya tangi na ukingo wangu, nikijifanya sina habari nanyi. Mlipoanza, tangi lote liliamka. Mimi nalijua lile tangi, nimelikunja kwa mikono hii, na sikulijua. Vumbi la paa la karakana likashuka kama unga. Maji kwenye beseni yakasimama vipele. Nilitia kiganja kwenye bati nikakitoa kwa woga, ilikuwa kama kumgusa mnyama mkubwa anayepumua. Maisha yangu yote nimejivuna kuwa hakuna anayejenga kitu cha kushika maji kama mimi. Sikuwahi kuwaza kuwa kitu kile kile kinaweza kushika hicho mlichotia nyinyi, na kisipasuke. Nilitaka kusali, nikakosa dua inayofanana na kelele.

Halafu ukaita. Mara ya kwanza nikasema, mjukuu wangu anaimba. Mara ya pili nikaweka nyundo chini. Mara ya tatu sauti ikapasuka, pale pale nilipokuagiza uzibe, na kupitia bati ikatoka sauti ya Kidoti. Sisemi iliyofanana na yake. Yake. Nikasahau nani yuko ndani na nani yuko nje. Nikasahau mimi ni mzee. Niliuona moshi, nikasikia nimeulizwa, na nikajua nisipojibu mtoto yule kwenye ndoo ataingiwa na hofu. Basi nikajibu. Na mama yako mdogo aache sasa kusema sisikii.

Msikate. Mwambie fundi mitambo Fundi Matangi amekataza. Pumzi yako ibaki, mpasuko wako ubaki, na mimi nibaki. Uliniomba baraka, hiyo ndiyo baraka, imo humo humo kwenye wimbo, wala sina nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Watu watasema mmetunga, kwamba mmekodi mzee. Waje huku waulize. Wamuulize fundi cherehani wa jirani, aliacha kukanyaga akaja kusimama mlangoni na sindano mdomoni, akaisahau humo. Wamuulize fundi redio, alikuwa ameshika waya wa umeme kwa mikono miwili kama anashika kamba ya mtu aliye kisimani. Wamuulize msusi wenu, nilimtazama usoni naye akanitazama, na hakuyumba hata noti moja, muongeze heshima. Na wasipowaamini hao kwa kuwa ni watu wangu, basi wamtafute dereva wa lori la shule. Yeye hanijui wala simjui. Alikuja kabla ya saa yake kuchukua mzigo, akakuta unaita, akazima injini bila kuambiwa na mtu.

Ni mimi babu yako,
Baba yake Kidoti